Nilivyompeleka Bibi Klara Kwao Ujerumani

Shoga zangu, tangu nirudi Mwananyamala sijapata kuimaliza hadithi hii hata mara moja. Nikianza kisimani, ndoo zinajaa na watu wanaondoka. Nikianza harusini, ngoma inalia. Na kila anayefika nusu anataka nirudie habari ya papa wangu, basi nacheka na yaliyobaki yananipotea. Nyie wa Temeke ndio mmezidi, mmesikia vipande vipande na sasa mnasema nilikula chakula na mfalme. Sikula na mfalme. Nimekaa barazani kwa dada yangu, nimeandika yote mara moja, anayetaka asome au asomewe.

Asiyemjua Bibi Klara ajue kwanza. Ni Mjerumani, mjane, fundi wa nguo za kike hapa mjini. Baada ya vita Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na waliporuhusiwa kurudi yeye alirudi na kufungua duka lake tena. Nimefanya kazi kwake miaka mingi, yeye akikata, mie nikishona. Kijerumani changu ni cha jikoni na cha vitambaa, na herufi alinifundisha yeye ili niandike vipimo vya wateja. Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, moyo ukawa unamwenda mbio hata akikaa. Dada yake, Bibi Lotte, alikuwa akimwita kwao siku nyingi.

Akaniambia, "Mwajuma, nataka kumwona Lotte. Lakini nikizidiwa njiani, nani atanipa matone yangu?"

Nikamwambia, "Basi twende wote."

Habari za vyeti na mihuri naziruka, zingewachosha kama zilivyonichosha mie.

Melini

Mama mdogo alinifungia kikapu: mihogo mikavu, visheti, na papa mkavu wa kutosha mtu kwenda na kurudi. Meli ilikuwa ya Kijerumani, safi kupita kiasi. Mie nilipewa kitanda katika chumba kidogo kilichoshikana na cha Bibi. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu na glavu nyeupe. Siku ya kwanza alifungua mlango, akanusa, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Nilipotoka kumwosha Bibi miguu, kikapu hakipo.

"Mama usiwe na wasiwasi," kijana akaniambia kwa fahari. "Kulikuwa na kitu kimeoza chumbani mwako. Nimekitupa baharini."

Bibi Klara alicheka mpaka akashika kifua. Mie sikucheka. Supu ya meli ilikuwa na vipande vya nguruwe vinaelea, kwa hiyo tangu siku ile nilikula mayai na viazi mpaka nikaota manyoya, kama si majani.

Katika chumba cha kulia palitundikwa picha kubwa ya kiongozi wao mpya, na bendera chini yake, nyekundu, yenye msalaba uliopindwa ncha. Watu wakiingia hunyosha mkono mbele. Nilipompeleka Bibi mezani nikadhani wanamwita mtumishi. Basi nami nilipotaka maji nikanyosha mkono vilevile, sawasawa, kama wao.

Chumba kikanyamaza. Kisha mzee mmoja akacheka, wanawake wakafuata, mmoja akapiga makofi. Kijana wa glavu nyeupe hakucheka. Alileta maji na masikio yamemwiva.

"Shusha mkono, Mwajuma," Bibi akaninong'oneza. "Ile ni salamu ya chama chao."

"Chama gani?"

"Cha watu wenye makelele. Kwetu hawakosekani watu wenye makelele."

Siku zile abiria wengi walikuwa wakifanya mzaha. Kulikuwa na bwana mmoja mnene mwenye shamba la mkonge, ambaye kila mara akinyosha mkono alisema, "Mkonge wangu umefika hapa," na meza nzima ikacheka. Baada ya Aden ofisa mmoja wa meli alikaa naye pembeni, wakazungumza kwa sauti ya chini. Sijui waliambiana nini. Kesho yake bwana yule alinyosha mkono, akakaa, akala. Hakusema habari ya mkonge, wala hakuna aliyemwuliza.

Bahari ya Sham na Mfereji

Joto la Bahari ya Sham halina mfano hapa kwetu, hata mwezi wa pili. Nilimpepea Bibi mpaka mkono ukafa ganzi. Katika mfereji wa Misri tukasimamishwa kutwa nzima kupisha meli za Waitaliano. Zilipita karibu sana, zimejaa askari vijana waliovaa kofia kubwa kuliko vichwa vyao. Walikuwa wanaimba. Waliponiona walipunga mikono, mmoja akanirushia busu.

"Wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Uhabeshi," Bibi akasema.

"Kufanya nini?"

Bibi akaomba matone yake, na haukuwa wakati wa matone.

Bandarini Misri wachuuzi walipanda melini na mazulia na shanga. Mmoja alinisemesha Kiarabu, nami Kiarabu changu ni cha swala tu. Nilipomjibu "Alhamdulillahi" akaniangalia tena, akashuka kwenye mashua yake, akarudi na mkate wa moto na maharage yaliyotiwa mafuta na ndimu. Akakataa malipo, akanionyesha kwa ishara kwamba nimwombee. Nilikula nimesimama, machozi yananitoka. Mayai na viazi ni chakula, lakini maharage yale yalikuwa kama ya mtu anayenijua.

Italia

Tulishuka meli Italia ili twende kwa garimoshi. Garimoshi halikuondoka. Tuliambiwa njia inapitwa na gwaride la watoto, na kweli wakaja, wadogo kabisa, mashati meusi, bunduki za mbao begani, mmoja kiatu kimemvuka na anaogopa kukiokota.

Kando yetu alikaa mama mmoja na kapu la nyanya. Alinishika kanga kuipima uzito, nami nikashika kitambaa chake cha kichwa, tukacheka. Akapasua mkate, akausugua nyanya, akautia mafuta, akanipa. Kisha akasema maneno mengi huku akiwatazama wale watoto. Bibi Klara, anayejua Kiitaliano kidogo, akanifasiria.

"Anasema mwanawe yumo. Mwanzo alikataa kumshonea shati jeusi. Mwalimu akamsimamisha mtoto mbele ya wenzake, akamwuliza kwa nini yeye peke yake hana. Alirudi nyumbani analia. Basi akamshonea."

"Na sasa?"

Bibi akamwuliza. Yule mama akainua mabega.

"Anasema sasa hulipiga pasi kila wiki na wala halifikirii."

Kwa dada yake

Mji wa Bibi Lotte ni mdogo, uko kando ya mto, na jina lake ulimi wangu haujaliweza mpaka leo. Mumewe, Bwana Otto, ni mwoka mikate. Nyumba yote inanukia mkate tangu alfajiri. Nataka mjue kwamba walitupokea vizuri sana. Bibi Lotte alilia shingoni kwa dada yake, kisha akanikumbatia na mie. Nilipewa blanketi la manyoya ya bata lililotuna hata nikadhani kuna mtu amelala chini yake, nikagonga kwanza.

Chakula cha kwanza kilikuwa soseji. Nikamwambia Bwana Otto, kwa Kijerumani changu, kwamba mie na nguruwe hapana. Akatikisa kichwa kwa huruma. Asubuhi akanichukua mpaka uani, akanionyesha kila pembe, akasema, "Unaona? Hakuna nguruwe hapa. Usiogope." Bibi alipomweleza aliona haya, na tangu hapo kila siku alinitengea mkate wangu mbali, wa siagi, bila mafuta ya nguruwe. Huyo ndiye Bwana Otto. Nimemtaja hivi kwa makusudi, maana yanayofuata mtamkasirikia.

Jioni ile ile ya soseji Bibi Klara alisema, "Kesho mniitie Daktari Simoni anitazame moyo."

Daktari Simoni ndiye aliyemzalisha Bibi Lotte watoto wake wote. Ndiye aliyeuponya mkono wa Bwana Otto ulipoungua tanurini.

"Kuna daktari mpya sasa," Bwana Otto akasema. "Kijana mzuri."

"Kwani Simoni amekufa?"

"Hapana, yupo. Lakini ni Myahudi, unajua."

"Alikuwa Myahudi tangu tukiwa watoto, Otto."

Bwana Otto akatazama sahani yake. "Mambo yamebadilika, Klara. Hukuwapo. Kulikuwa na wakati watu wanakuja hapa na pesa tele na hazinunui mkate mmoja. Vijana walikaa barabarani bila kazi. Hawa wamewapa kazi. Hayo ya Wayahudi ni makelele tu, yatapoa."

Akaja daktari kijana, akaagiza dawa, na miguu ya Bibi ikazidi kuvimba.

Dukani kulikuwa na kibao walicholetewa na watu wa chama, kinasema Wayahudi hawatakiwi humu. Nilipofika kilikuwa dirishani nyuma ya chupa za biskuti, huwezi kukisoma mpaka uiname. Bibi Lotte aliniambia, "Tumekiweka kwa sababu imebidi." Mkewe Daktari Simoni, Bibi Raheli, hakuweza tena kuja dukani, basi Bibi Lotte alikuwa akifunga mkate kwenye kitambaa, nami naupeleka kwa mlango wa nyuma. Siku ya kwanza Bibi Raheli alinipa kiti, akanipakulia supu ya kuku. Nikauliza habari ya nguruwe, akacheka.

"Kwangu? Sisi hatuli kabisa. Na nyie?"

"Sie pia."

Akaniuliza tunachinjaje, nikamwuliza wanachinjaje, tukawa tunaonyeshana kwa mikono kama watu waliogundua kwamba bibi zao walikuwa jirani. Kwa siku nyingi ile ndiyo nyumba niliyoshiba.

Kisha chupa za biskuti zikauzwa na kibao kikabaki mbele. Hakuna aliyezirudisha. Kisha siku moja nikasimama jikoni kungoja mkate wa Bibi Raheli, na Bibi Lotte akasema bila kuniangalia, "Leo hapana, Mwajuma." Kesho yake sikungoja.

Na Bibi Klara wangu? Nitasema kweli. Vijana wa mashati ya kahawia wakipita wakiimba, alikuwa anasogea dirishani. Ni nyimbo za zamani za kwao, alizijua. Mara moja alinishika mkono, macho yamejaa maji, akasema, "Nchi yangu imesimama tena, Mwajuma." Aliiacha nchi ile imeanguka, na mie nani wa kumwambia asifurahi.

Jumapili ya gwaride

Jumapili moja mji mzima ulitoka kumpokea mkubwa mmoja wa chama. Mchana Bibi Klara akaanguka kati ya kitanda na kiti. Midomo ilikuwa ya buluu. Bwana Otto alikimbia kwa daktari kijana, akarudi peke yake.

"Yuko kwenye gwaride. Ndiye mshika bendera."

Bibi Klara akatoa neno moja tu. "Simoni."

Bibi Lotte akamtazama mumewe. Bwana Otto alikuwa amesimama na kofia mkononi, anaizungusha. "Leo watu wote wako nje," akasema. "Wakimwona anaingia kwangu..."

Nikajifunga kanga nikatoka.

Njia ilikuwa imejaa, na bendera kila dirisha. Wakati ule ule ngoma zilipita na mikono yote ikanyoshwa, mie nikapita chini yake nimeinama kama mtu anayepita chini ya kamba za nguo. Bwana mmoja wa shati la kahawia akanikamata bega, akaniamuru ninyoshe mkono. Nikamwambia, "Bibi yangu anakufa." Akanitazama. Kisha akawageukia watu akapaza sauti, "Mpisheni mama huyu! Kuna mgonjwa!" Wakanipisha. Hata leo sijui nimweke wapi moyoni mtu yule.

Daktari Simoni alikuwa amekwishavaa koti nilipomaliza sentensi yangu ya kwanza. Bibi Raheli akasimama mlangoni.

"Leo? Katikati ya hao?"

Daktari akaniuliza, "Otto ndiye amekutuma?"

"Bibi Klara anakuita."

"Sikuuliza hilo."

"Hapana," nikasema. "Bwana Otto hakunituma."

Akafikiri kidogo, akachukua mkoba. Tulizunguka nyuma ya nyumba, kwenye majaa na mabanda ya kuku. Mlango wa uani Bwana Otto aliufungua mwenyewe kabla hatujagonga, akaufunga nyuma yetu kwa komeo. Walitazamana. Sikusikia salamu.

Daktari alimchoma Bibi sindano, akakaa kitandani ameshika mkono wake mpaka pumzi ikarudi na midomo ikapata rangi. Alipoinuka kuondoka, Bibi Lotte akaelekea mlango wa nyuma.

"Lotte," Bibi Klara akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Apite mbele. Mtu huyu si mwizi."

Daktari akamfunika shuka. "Wacha, Klara. Wewe utaondoka. Hawa watabaki hapa, na mimi nitabaki hapa." Akapitia nyuma.

Pamoja na hayo alionwa. Kesho yake mikate ilipoa kwenye rafu. Wanawake waliokuwa wakiingia kila asubuhi walivuka njia, wakapita upande wa pili. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Bwana Otto aliingia chumbani kwetu na unga mikononi.

"Klara, nina watoto, nina vijana wawili wa kazi. Naomba jambo dogo. Tutasema Mwajuma alipotea. Ni mgeni, hajui mji, alitumwa kwa daktari mpya akagonga nyumba isiyo yake. Watu wataelewa." Akanigeukia, na wallahi aliniomba kwa unyenyekevu. "Utasema hivyo kwa jirani, Mwajuma? Halitakudhuru."

Bibi Klara hakunijibia. Aliniachia.

Nikasema, "Bwana Otto, mkate wako nimekula na wema wako nimeuona. Lakini mie nyumba ya Daktari Simoni naijua. Nimekula humo. Siwezi kusema nilipotea."

Akaweka mikono usoni, uso ukawa mweupe wa unga. Alilia kimya, mabega yanatikisika.

"Tutaondoka," Bibi Klara akasema. "Nikipata nguvu za kusimama tu."

Kurudi

Siku ya kuondoka Bwana Otto hakuja stesheni. Alituma mkate mkubwa, umefungwa vizuri, ule wangu wa siagi. Bibi Lotte alikuja. Alipokuwa ameshikana mikono na dada yake, akapita ofisa wa chama, na watu wote wakanyosha mikono. Wake nao ukapanda, kitambaa cha machozi kikiwa bado kiganjani. Ulishuka, akarudi kumshika dada yake. Nadhani hakujua kwamba ulipanda.

Garimoshi lilipopiga kipenga akasema haraka, "Klara, bora msikie kwangu. Otto amekwishawaambia. Kwamba Mwajuma alipotea. Wateja wamerudi."

Nilikula ule mkate njiani. Ulikuwa mzuri, siwezi kuusema vingine.

Tulipanda garimoshi, kisha meli. Tulipokuwa tumeingia tena Bahari ya Sham, ameketi kivulini, akaanza kulia. "Mlango wa nyuma," akasema. "Mtu aliyesoma, mtu mwema, anapitishwa nyuma kama mbwa, na wote tunaona ni sawa."

Sikukusudia kusema nililosema. Lilitoka.

"Bibi, kule Dar kuna kilabu cha Wazungu unakokwenda kunywa chai. Mie nakufikisha mlangoni kila wiki, nakungoja nyuma jikoni. Mbona hujapata kulililia hilo?"

Aliacha kulia. Alinitazama muda mrefu, nikadhani nimejifukuzisha kazi katikati ya bahari.

"Sikuliona," akasema mwishowe.

"Mie niliona."

Hakunikaripia. Aliomba nimsogezee kiti, kisha akavuta cha pili karibu yake, akanionyesha nikae. Abiria walitutazama. Tukakaa hivyo mpaka Mombasa.

Nyumbani

Mmenilaki kwa vigelegele na mihogo ya nazi, nanyi mlikuwapo, sina haja ya kusimulia. Ninayotaka myajue ni ya dukani, maana wengi mnaniuliza kwa nini wateja wetu wa Kijerumani wamepungua.

Nilidhani yale tumeyaacha kule. Lakini hapa hapa mjini, nyumba ya mikutano ya Wajerumani imetundika bendera ile ile, na mabwana tunaowajua, wapole, wanaosalimu vizuri, wanavaa kipini chenye alama yake kifuani. Waingereza wanapita, wanatazama, wanakwenda zao. Kila meli ikifika Bibi Klara huuliza habari za Daktari Simoni kwa abiria wa mji ule. Wanasema hawamjui, au wanasema wamesahau.

Wiki iliyopita akaja bibi mmoja, mke wa meneja, mteja wetu wa siku nyingi. Alinisalimu kwa Kiswahili, akauliza hali ya mama mdogo. Kisha akafungua robota la kitambaa chekundu mezani. Wana sherehe, akasema, wanataka bendera ndogo za kutundika bustanini, na watoto wazishike.

Bibi Klara alikigusa kitambaa. Alikuwa akiogopa, naye ana haki ya kuogopa, kwani duka lake linaishi kwa hao.

"Macho yangu hayaoni vizuri tena," akasema. "Tangu nitoke safari."

"Si kitu," mteja akasema kwa uchangamfu. "Mwajuma atashona. Mkono wake ni mzuri kuliko wetu sote. Si ndiyo, Mwajuma?"

Nilikuwa na sindano mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichoma kwenye kifuko chake.

"Hapana, bibi. Kazi yako nyingine yoyote nitashona. Hii sishoni."

Alicheka kwanza, akidhani sikuelewa. Kisha akamgeukia Bibi Klara, akangoja. Alingoja nikaripiwe, niambiwe nikae kwenye mashine nianze. Bibi Klara alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akaenda mpaka hatukumsikia tena.

Ndipo Bibi Klara akakikunja kitambaa chekundu, akakilinganisha pembe kwa pembe kama afanyavyo kitambaa cha mteja yeyote, akamrudishia.

"Umemsikia fundi," akasema.